Kibao cha Tisa

Kiti namba tisa kilikuwa kimelowa. Ukilisikia hivi hivi utaona ni jambo dogo, maana basi la ushirika lilikuwa bovu na paa lake lilivuja. Lakini ilikuwa Agosti ya mwaka 1972, Kilwa Masoko haikuwa imeona tone la mvua tangu katikati ya Mei, na viti vingine thelathini na tisa vilikuwa vikavu, vimejaa vumbi. Bakary, kondakta, alikifuta kwa gunia akafungua madirisha yote jua liingie. Kesho yake asubuhi kilikuwa kimelowa tena, pale katikati, mahali mtu anapokalia.

Siku hiyo hiyo Benedikto, karani wa tiketi, alifungua daftari lake ofisini akakuta jina ambalo hakuliandika. Juu yake palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, abiria wa mwisho wa jana. Chini yake, kwa wino ambao haujakauka, mtu alikuwa ameandika: kiti 9, Cecilia. Benedikto alichana ukurasa ule, akaukunja, akauchoma nyuma ya ofisi. Aliporudi, ukurasa uliofuata ulikuwa na jina lile lile.

Alimjua Cecilia ni nani. Na mimi nitawaambia, tena bila kumpamba karani huyu, kwa sababu wapo wanaosimulia kisa hiki kana kwamba jini lilimwonea mtu asiye na kosa.

Basi lilikuwa moja na madaftari yalikuwa mawili. Moja lilikaa Masoko kwa Benedikto, la pili lilikaa Kivinje kwa wakala aliyeitwa Damiani. Basi lilianzia Masoko, likapitia Kivinje kuchukua watu, ndipo likashika barabara ya Lindi. Walikuwa wamekubaliana kwa mdomo kwamba Masoko wauze kiti cha kwanza mpaka cha ishirini na tano, Kivinje wauze vilivyobaki, na anayetaka kuvuka mpaka wake ampelekee mwenzake karatasi kwa baiskeli. Majina yaliandikwa kadiri watu walivyofika, moja chini ya jingine, kwa hiyo ukitaka kujua kama kiti fulani kimeshauzwa ilibidi usome ukurasa mzima kwa kidole. Foleni ikiwa dirishani, nani anasoma ukurasa mzima? Tena palikuwa na vimemo. Wakubwa wa ofisi waliandika vijikaratasi, mpe ndugu huyu kiti cha mbele, na Benedikto alikuwa mtu wa kusimama wima akiona kimemo.

Aprili ya mwaka ule, masika yakiwa yamechacha, mama mmoja wa Kikole aliyeitwa Stefania alimleta Kivinje binti yake Cecilia, mwenye miaka ishirini, mimba yake ya kwanza. Muuguzi alimpapasa tumbo akasema mtoto amelala upande, hatatoka bila kupasuliwa, na mpasuaji yuko Lindi. Wakati wa mvua basi lilikwenda mara moja kwa wiki. Damiani alimwonea huruma akamwandikia kiti namba tisa, kwa sababu viti vya mbele havirushi sana, kisha akamtumia Benedikto karatasi: kiti 9 usiuze, mgonjwa. Karatasi ilifika. Benedikto aliisoma, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Nusu saa baadaye akaja bwana mmoja mwenye kimemo, anakwenda mkutanoni Lindi, anataka mbele. Benedikto akamwandikia kiti namba tisa, akasema moyoni kwamba huko Kivinje watajuana wenyewe.

Walijuana kweli. Tiketi mbili, zote halali, mhuri mmoja, namba moja. Yule bwana alionyesha tiketi, akaonyesha na kimemo, kisha akageuza uso akatazama dirishani. Bakary alizishika tiketi zote mbili akasema zote ni sawa, ila aliyekaa ameshakaa. Basi limejaa mpaka mlangoni, mvua inapiga, dereva anapiga honi. Cecilia aliachwa kituoni na tiketi yake mkononi. Alikufa siku ya tatu, mtoto akiwa tumboni. Stefania alimzika Kikole, na ile tiketi akaifunga kwenye pindo la khanga aliyozikwa nayo. Yule bwana aliwahi mkutano wake, na nimesikia alisinzia tangu ulipofunguliwa mpaka ulipofungwa. Benedikto alipoletewa habari alisema ni kazi ya Mungu, akaomba apewe chai nyingine.

Nina hasira ninaposimulia hili, na sioni haya.

Kwa hiyo jina lilipotokea daftarini, Benedikto alijua. Alinyamaza kwa sababu alidhani akinyamaza litachoka. Halikuchoka. Abiria waliouziwa kiti namba tisa walianza kuteremka Nangurukuru kabla safari haijaanza vizuri, wengine wakiwa wameacha mizigo yao. Mzee mmoja wa Kilwa Kisiwani, mtu wa sala tano, alisema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amepakatwa. Alisema alihisi tumbo kubwa, gumu, limeegemea mgongoni mwake, na ndani ya tumbo kitu kinageuka polepole, kikatafuta njia, kikakosa, kikageuka tena. Basi zima lilinuka khanga mbichi iliyokunjwa ikiwa na maji, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine ambayo wanawake waliitambua wote na hakuna aliyeitaja.

Bakary naye alianza kuhesabu. Aliyeuziwa kiti namba tisa akishateremka, alihesabu tiketi zilizobaki akapata thelathini na tisa, akahesabu vichwa akapata arobaini, akarudia kutoka nyuma kwenda mbele akigusa kila bega kwa kidole, na kila alipofika safu ya tatu kidole chake kiligusa bega lililolowa, akageuka kutazama ni nani, akakuta kiti kitupu na alama ya maji ikienea taratibu kwenye ngozi ya kiti. Aliacha kuhesabu. Alimwambia Benedikto waziwazi kwamba kama hatafuti dawa, yeye atarudi kwao Rondo kulima.

Kilichomtoa Benedikto kwenye ukimya wake kilimkuta mchana kweupe. Ilikuwa saa saba, jua la utosi, mji umelala usingizi wa mchana, na yeye yuko peke yake ofisini, amefunga dirisha la tiketi ili ale muhogo wake. Akasikia nyuma yake karatasi inakunjuliwa. Akadhani ni upepo, lakini upepo haukuwepo, na ile sauti ilikuwa ya karatasi iliyokunjwa mara nyingi na kushikwa na mikono yenye jasho, inakunjuliwa pindo moja, inatulia, inakunjuliwa pindo la pili, inatulia, na katikati ya pindo na pindo mtu anahema, anahema kwa shida kama anayepandisha mlima na gunia, na harufu ya khanga mbichi ikaingia puani mwake na akataka kugeuka lakini shingo ilikataa, na matone ya maji yakaanza kudondoka sakafuni nyuma ya kiti chake, moja, jingine, jingine, mpaka maji yakapita chini ya miguu yake, na sauti ya mwanamke, ya chini, ya adabu kabisa, ikasema karibu na sikio lake:

"Ndugu karani, mimi tiketi ninayo."

Alitoka mbio na dirisha hakulifungua tena siku ile.

Ndipo akaenda kwa Bi Kibibi, mganga wa Kivinje aliyesifika kutoa majini yaliyowashinda wengine. Benedikto alikuwa Mkristo wa kusali kila Jumapili, lakini mtu aliyekimbia ofisi yake hachagui mlango. Bi Kibibi alikuja baada ya sala ya adhuhuri, akapanda basi likiwa limeegeshwa nyuma ya ofisi, akakaa kiti namba nane na chetezo chake mapajani. Alifukiza ubani, akasoma, akauliza anayekaa hapa ni nani na anataka nini. Benedikto na Bakary walikuwa mlangoni. Waliona kiti namba tisa kinabonyea chenyewe, taratibu, kama kinavyobonyea mtu mzito anapoketi kwa uangalifu. Bi Kibibi aliinamisha kichwa akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamwaga maji kwenye makaa, akayazima.

Benedikto akamuuliza kama ametoka.

"Atoke aende wapi?" alisema Bi Kibibi. "Mimi namfukuza anayekaa pasipo pake. Huyu ana tiketi."

Benedikto akamsihi aongeze ubani. Bi Kibibi akamwambia hilo jini limezaliwa siku ile pale kituoni, kutokana na hasira ya marehemu, na hakuna ubani wa kuifukizia haki ya mtu. Akamwambia aende kwa aliyefiwa. Kisha akakusanya vitu vyake akashuka.

Kikole Benedikto alifika jioni, nusu njia kwa lori la ushirika na nusu kwa miguu. Stefania alikuwa uani anamenya muhogo. Akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

Stefania hakuitikia. Alimtazama viatu, akamtazama uso, akaendelea kumenya. Benedikto alisema yote aliyoyapanga njiani, kwamba anaomba radhi, kwamba kazi ilikuwa nyingi, kwamba anaapa kuanzia sasa atakuwa mwangalifu. Hapo Stefania akaweka kisu chini.

"Sitaki uwe mwangalifu," alisema. "Siku ile pia ulikuwa mwangalifu. Nimeambiwa ulisoma karatasi ya mwanangu, ukaiweka pazuri isipeperuke. Mtu mwangalifu akisimamiwa na mkubwa, uangalifu unamtoka. Wewe fanya isiwezekane. Utake usitake, mkubwa atake asitake, kiti kimoja kisiwezekane kupewa watu wawili."

Benedikto akauliza kwa unyonge jambo hilo litafanyikaje.

Stefania akaonyesha kinu kilichokuwa kati ya nyumba yake na nyumba za jirani. "Pale tuko nyumba tatu na mchi mmoja. Anatwanga nani? Aliye na mchi. Hatuna daftari na hatujagombana. Umesoma shule, ukashindwa kuwaza hata hilo."

Benedikto alirudi Masoko na mchi ule kichwani mwake. Alimwendea Klementi, fundi Mmakonde wa kuchonga, akamtaka achonge vibao arobaini vya mpingo, kila kimoja na namba yake, na namba moja isichongwe mara mbili. Ubao wa Masoko ukapigiliwa misumari ishirini na mitano, wa Kivinje kumi na mitano, kila msumari na kibao chake. Kuanzia hapo tiketi haikuandikwa mpaka kibao kitoke msumarini na kiingie mkononi mwa abiria, na Bakary alikipokea mlangoni akakitundika juu ya kiti. Msumari ukiwa mtupu, kiti kimekwenda, hakuna cha kujadili. Daftari nalo likabadilika: kila safari ukurasa wake, mistari arobaini imeshapewa namba kabla mtu hajafika, mstari mmoja jina moja, kwa wino, na ukitaka kujua habari za kiti unakwenda moja kwa moja kwenye mstari wake. Kimemo kikija, Benedikto alinyoosha kidole kwenye msumari mtupu, na mwenye kimemo aliweza kufoka mpaka achoke. Mtu hawezi kuufokea msumari ukazaa kibao.

Stefania alikuja mwenyewe kukagua. Aliugusa kila msumari, kisha akasema kibao cha tisa apewe yeye. Alikwenda nacho Kikole akakisimika kaburini kwa mwanawe. Tangu siku ile msumari wa tisa ulikaa mtupu, na kila safari Benedikto aliandika kwa mkono wake kwenye mstari wa tisa jina la Cecilia. Kiti kikakauka. Bakary alihesabu vichwa akapata sawa. Watu wa ofisi walikuja kuutazama ubao ule, na Benedikto akaanza kujisifu kidogo, kana kwamba alioteshwa yeye.

Kisha ikaja masika ya mwaka 1973, na binti yake Benedikto, Agnes, akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Muuguzi akampapasa tumbo akasema maneno ambayo Benedikto alikwisha kuyasikia: mtoto amelala upande, apelekwe Lindi. Basi lilikuwa linaondoka asubuhi, na lingine ni wiki ijayo. Vibao thelathini na tisa vilikuwa vimeshatoka, hapo na Kivinje.

Sasa nisikilizeni. Foleni iliyokuwa nje siku ile ilikuwa na vijana kumi na mmoja wanaokwenda Lindi kucheza mpira. Angetoka akawaambia jamani mwanangu anakufa, mmoja wao angempa kibao chake kabla hajamaliza kusema. Hakutoka. Alikuwa karani, na karani akiona kiti kitupu anaona kiti, haoni mtu. Alikwenda nyumbani akachukua kipande cha mchi uliovunjika, wa mpingo, akakikata, akakisugua, akachonga tisa kwa kisu cha jikoni. Kwenye mstari wa tisa akakata jina la Cecilia, akaandika Agnes juu yake.

Bakary alikipokea kibao kile mlangoni akakigeuzageuza.

"Mzee, cha tisa si kiko kaburini?"

"Kimerudi," alisema Benedikto, na hakumtazama machoni.

Agnes alikaa kiti namba tisa peke yake, mama mkwe wake yuko Lindi, ndiye angempokea. Basi likaondoka kwenye tope.

Benedikto akakaa ofisini kungoja, na hakuna simu ya kumwambia kitu. Alihesabu mwendo wa basi kwa saa ya ukutani. Ilipofika wakati ambao lingekuwa linasimama Kivinje, pale pale kituoni, mvua nje ikakatika ghafla, na katika kimya kile akasikia karatasi inakunjuliwa, pindo moja, pindo la pili, halafu ikaanza kuchanwa, taratibu, bila haraka, mpaka mwisho, na harufu ya khanga mbichi ikapita usoni mwake ikielekea mlangoni, na akapiga magoti akasema usimguse mwanangu, mimi ndiye, mimi ndiye niliyeweka karatasi chini ya kikombe, na akalisema hilo mara nyingi, kwa sauti kubwa, na mvua ikaanza tena.

Basi lilirudi Jumamosi. Bakary aliingia ofisini hajavua koti la mvua. Alisema kwanza kwamba Agnes amepasuliwa, yu hai, na mtoto wa kiume yu hai. Benedikto akalia. Bakary akamwacha alie, kisha akamwambia mengine.

Kivinje basi lilisimama, mlango ukafunguliwa, na baada ya watu wa Kivinje kupanda wote palipita kitambo ambacho hakuna aliyepanda, lakini waliokuwa mbele walisogeza miguu kumpisha mtu. Bakary alipotazama juu ya kiti namba tisa, kibao alichokitundika Masoko hakikuwepo. Kilichoning'inia pale kilikuwa cha Klementi, kina udongo mwekundu wa Kikole. Na Agnes alimsimulia, wakiwa wanamteremsha Lindi, kwamba njia nzima alisimama karibu naye mwanamke aliyelowa, mja mzito kama yeye, mkono mmoja kashika bomba na mwingine kauweka nyuma ya mgongo wa Agnes kila gurudumu lilipoingia shimoni. Agnes alimwomba wabanane wakae wote. Alikataa. Alisema kiti kimoja mtu mmoja. Walipofika alimpa maneno ya kumletea baba yake.

"Kasema kiti chake kampisha mwanao," Bakary alisema polepole. "Kasema chako atakichukua yeye."

Benedikto aligeuka. Kiti chake cha ofisini, alichokuwa ameketi mpaka Bakary alipoingia, kilikuwa kimelowa katikati, na maji yalikuwa yanadondoka sakafuni. Juu yake palikuwa na kibao cha mbao ya mchi, chenye tisa iliyochongwa vibaya kwa kisu cha jikoni.

Alijaribu kigoda, kikawa vile. Alijaribu benchi la wageni, alijaribu gunia la korosho. Kokote alikotaka kuketi ndani ya ofisi ile, palikuwa pameshakaliwa. Ikabidi afanye kazi amesimama, na akasimama hivyo miaka kumi na moja mpaka alipostaafu, miguu imevimba, akiwaambia watu kwamba kusimama kunampunguzia maumivu ya mgongo. Hakuna aliyemhurumia sana, mimi nikiwemo.

Stefania alipopelekewa habari Kikole hakucheka wala hakulia. Aliuliza tu kama kile kiti cha karani kina mto. Akaambiwa hakina, ni ubao mtupu. Wiki iliyofuata lori la ushirika lilishusha Masoko mto mpya wa sufi, foronya yake imeshonwa kwa mkono. Benedikto aliupokea, akauweka juu ya kiti, akausawazisha kwa viganja vyote viwili. Kisha akarudi dirishani, akasimama.